Ini Jipya Halina Miguu

Wanangu mnaoanza kazi ya fiziotherapia, mmeniomba niandike kidogo kuhusu niliyoyaona katika miaka yangu ya kazi hapa Karatu, na najua mlitarajia nianze na mashine. Nitawavunja moyo. Tulipoanza sisi mashine zilikuwa mbili, moja mbovu na nyingine ikimsubiri fundi kutoka Arusha, na mpaka nastaafu sikumbuki kumwona fundi huyo. Kwa hiyo nitaanza na paja.

Mgonjwa akiletwa, msikimbilie faili. Mwangalieni anavyoshuka kwenye gari. Anaweka mkono wapi? Anamtafuta nani kwa macho kabla ya kushusha mguu? Akifika kwenye benchi, anakaa au anajiangusha? Hayo mtayaona kabla hajafungua mdomo, na ni heri kuyaona mapema, maana mgonjwa wa huku kwetu akiulizwa hali atajibu "nzuri" hata kama yuko juu ya machela.

Watu walituita wakanda miguu. Mzee mmoja wa Baray alikuja na chupa yake ya mafuta ya alizeti, akavua viatu, akajilaza tayari. Nilipomwambia aamke, akae kitini, ainuke, akae tena, aliniuliza kama nimetumwa na mke wake. Jina la Mama Mazoezi nililipata miaka hiyo, na sikulipenda, lakini jina la mtaani huwa halikuombi ruhusa. Sasa hata wajukuu zangu wanalitumia wakitaka kunichokoza.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Bura. Alikuwa mtu wa maneno machache na uso mkavu. Nilipofika kwake nikiwa nimetoka chuoni, nimejaa majina ya misuli kichwani, aliniamuru nilale kitandani wodini siku nzima, nisiinuke isipokuwa kwa haja, nilishwe na manesi. Nilidhani ni uonevu. Kulipokucha akanipeleka kwenye ngazi za nyuma ya jengo la akina mama akaniambia nipande. Nilifika juu nikihema, magoti yakitetemeka kidogo, nami nilikuwa msichana wa Kansay niliyezoea kupanda milima na debe la maji kichwani. "Hiyo ni siku moja," akasema, "na wewe ni mzima." Baadaye niliwafanyia hivyo hivyo wanafunzi wangu, na wengi wao walinichukia kama nilivyomchukia yeye.

Sasa nije kwenye ugonjwa wa ini, maana ndio uliowafanya mnifuate. Zamani mgonjwa wa ini alikuwa na sheria zake. Alale. Asile nyama, asile mayai, maziwa kidogo tu. Apewe glukosi, soda na uji mwepesi. Tulifundishwa hivyo na sisi tukafundisha hivyo, kwa nia safi kabisa. Kisha elimu ikabadilika, na nawaomba msione aibu elimu inapobadilika mikononi mwenu. Ini ndilo ghala la mwili. Likiharibika, mwili unakosa akiba ya kuvukia usiku, basi unaanza kula nyama yake wenyewe, na huanzia mapajani. Mgonjwa mnayemlaza na kumnywesha uji mtupu mnamsaidia kujila. Siku hizi tunasema ale nyama, maharage, mayai, maziwa, ale kidogo kidogo mchana kutwa, na asilale bila kutia kitu tumboni. Chumvi ndiyo apunguze. Na atembee.

Jambo hili nililielewa kwa akili mapema, lakini kwa moyo nililielewa kwa Mzee Koinet.

Koinet alikuwa mfugaji wa Soitsambu, mrefu, mtu wa kusikilizwa kwenye vikao vya boma. Miaka yangu ya kazi ilikuwa inaelekea ukingoni alipoletwa Karatu kwa binti yake, Naserian, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi hapa. Virusi vya homa ya ini aliishi navyo pengine tangu kuzaliwa bila kujua, na vilipojionyesha ini lilikuwa limejaa makovu. Nawaambia hili kwa sababu watu walishaanza kunong'ona kwamba alikunywa sana. Koinet alikuwa hanywi. Ugonjwa wa ini unakuja na fedheha yake, na kazi yenu mojawapo ni kuikataa fedheha hiyo mbele ya watu, kwa sauti.

Madaktari walisema dawa imebaki moja, kupandikizwa ini. Mtu aliye hai anaweza kukata kipande cha ini lake akampa mwenziwe, na vipande vyote viwili hukua. Naserian alijitolea kabla baba yake hajamaliza kuelewa anaelezwa nini. Wakaenda India, na vipimo vya binti vikakubali. Lakini daktari mpasuaji alimwomba Koinet ainuke kwenye kiti bila kutumia mikono, akashindwa. Akamwomba asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, akayumba wakamdaka. Akamwambia Naserian kwa upole kwamba hawatampasua akiwa hivyo. Arudi nyumbani, apate nguvu, kisha aje. Na asichelewe, maana ini alilonalo halitasubiri sana.

Sasa tazameni upendo unavyoweza kuua. Nyumba nzima iliambiwa mzee anatakiwa apate nguvu, na nyumba nzima ikaamua apumzike. Kitanda kikaletwa sebuleni ili wageni wasimsumbue kwa kumwinua. Mkewe, Mama Naserian, akamlisha kwa kijiko. Mdogo wake, Lekishon, aliyekuja kutoka Soitsambu kumwuguza, akawa anambeba kumpeleka msalani kama mtoto. Naserian aliponiita nikamwone, nilimkuta amelala chali, amefunikwa shuka mbili, tumbo limejaa maji, macho ya njano, na Lekishon amekaa pembeni na fimbo yake kama mlinzi.

"Anaendelea vizuri, mama," Lekishon akaniambia. "Amenenepa. Hata mizani ya hospitali imesema."

Wanangu, mizani ni shahidi wa uongo kwa mgonjwa mwenye maji tumboni. Maji yanapanda, nyama inashuka, na namba inabaki pale pale au inaongezeka, watu wanafurahi. Msiangalie tumbo. Angalieni panja, pale pembeni mwa macho, kama zimebonyea. Shikeni mkono pale kati ya kidole gumba na cha shahada, muone kama pamebaki kitu. Halafu ombeni ruhusa mfunue paja. Nilimwomba Koinet ruhusa, akafumba macho kukubali, nikaondoa shuka miguuni. Lekishon akageuza uso.

"Usigeuke," nikamwambia. "Wewe ni mfugaji. Ukienda mnadani ukakuta ng'ombe ana tumbo kubwa na nyonga zimechomoza, unamwita mnene?"

Akanitazama vizuri. "Wewe ni Mmbulu. Wambulu wanajua nini habari ya ng'ombe?"

"Tunajua mlikuwa mnakuja kuwachukua kwetu. Nijibu."

Akacheka kidogo, kwa pua. "Huyo ana njaa, au mgonjwa. Tumbo si kitu. Mtu anaangalia nyonga."

"Haya. Na wakati wa ukame, ng'ombe akilala akashindwa kuinuka, mnamfanyaje?"

"Tunamwinua." Alijibu kana kwamba nimemwuliza jua linatokea wapi. "Mmoja mkiani, wengine ubavuni. Tunamshikilia mpaka miguu ikumbuke kazi. Tunampa majani mdomoni, kidogo. Kesho tunamwinua tena. Ukimwacha pale chini umemwacha afe, hata kama majani umemletea."

Mama Naserian alikuwa na kikombe cha uji mkononi, akakiweka mezani. Lekishon akamtazama kaka yake, akatazama kile kitanda cha sebuleni na zile shuka mbili, na nikaona uso wake unabadilika, kwanza kwa hasira.

"Unamfananisha kaka yangu na ng'ombe," akasema.

Kusema kweli niliogopa. Kisha sauti ikatoka kitandani, nyembamba, ya mtu ambaye hakuwa amesema neno tangu niingie. "Mwache. Amenifananisha na kitu cha maana. Angesema mbuzi ningekasirika."

Tulianza hapo hapo. Lekishon alisema kesho asubuhi, nikamwambia kesho ni ya mgonjwa mwingine. Nilikunja shuka moja mara tatu, nikaifunga kiunoni kwa mzee, juu ya nyonga, iwe ya kushikia. Hili mlikumbuke, kwa sababu mtakuwa mahali pasipo na mkanda wa kumshikia mgonjwa: usimvute mgonjwa mikono. Bega la mtu aliyekonda linachomoka bure. Shika kiuno, zuia magoti yake kwa magoti yako, mwambie aisukume pua yake mbele mpaka ipite vidole vya miguu. Mtu akiogopa kuanguka anavuta kichwa nyuma, na akivuta kichwa nyuma hainuki hata umwite jina la mama yake. Pua mbele. Mzee alilia kidogo alipofika juu, si kwa maumivu. Alikuwa hajaona dirisha la nyumba ile kutoka urefu wake mwenyewe kwa muda mrefu.

Tukawa tunamwinua kila siku, asubuhi na alasiri. Daktari alimtoa maji tumboni ili apate nafasi ya kupumua na kula. Mama Naserian aliacha uji mtupu, akarudi kwenye maziwa na nyama ya kuchemsha iliyokatwa vidogo, bila chumvi, jambo ambalo kwa Wamasai wa zamani wala si adhabu. Lekishon alitaka kutia mizizi kwenye supu kama wanavyofanya wanaume wanapokwenda porini kula nyama na kutafuta nguvu. Tukabishana. Nilimwambia nyama ndiyo, maziwa ndiyo, lakini mizizi itafika kwenye ini lile lile lililochoka, nalo haliwezi kuichuja. Alinuna mpaka jioni. Lakini alimwaga.

Shida nyingine ilikuwa heshima. Koinet hakutaka kuonekana na majirani akitembea ameshikwa kiuno. Kwao mzee wa hadhi yake hushika fimbo, hashikwi. Nikaona tusipigane na hilo. Tulipita nyuma ya nyumba, kwenye njia ya udongo mwekundu kati ya mahindi na maharage ya ngwara, ambako walioweza kutuona ni kuku na mama mmoja aliyekuwa akipalilia na ambaye kwa adabu alikuwa anajifanya anatafuta kitu chini kila tunapopita. Mwanzo tulifika kwenye mgomba wa kwanza. Baadaye tukafika kwenye uzio. Baadaye tukawa tunasikia magari ya watalii yakipanda kuelekea geti la Ngorongoro, na Koinet anasimama kuyahesabia kosa moja moja: hili linakwenda mbio, hili limebeba watu wasiojua jua. Mgonjwa akianza kulalamika juu ya mambo yasiyo ya ugonjwa wake, jueni mnasonga mbele.

Kisha tukarudi nyuma. Asubuhi moja alimwita mkewe kwa jina la mama yake mzazi, na mikono ikawa inapiga kama mtu anayefukuza nzi. Sumu ambayo ini lilishindwa kuisafisha ilikuwa imepanda kichwani. Akalazwa. Alipata fahamu, akashikwa na homa, akakaa wodini, na aliporuhusiwa nilimfunua paja nikaona kila tulichojenga kimekwenda. Hiyo ndiyo hesabu mbaya ya kazi hii. Nyama inajengwa kwa kibaba na inatoka kwa gunia.

Siku hiyo Naserian alinisubiri kwenye korido ya hospitali. Alikuwa bado na vumbi la chaki kwenye kiganja. "Mama, nieleze. Mimi ni mwalimu, nitaelewa," akasema. "Ini langu ni zima. Wamelipima kila upande. Ugonjwa wa baba ni ini. Kwa nini wasimwekee tu, ini lenyewe limpe nguvu? Kila siku tunayongoja anazidi kuisha. Atakufa mimi nikiwa na ini lake tumboni mwangu."

Nilikaa naye kwenye benchi. Nilimsimulia habari ya mfanyabiashara mmoja wa vitenge hapa mjini, mtu mkarimu, mdogo kwa umri kuliko baba yake, aliyekuwa na ugonjwa huo huo. Familia yake ilimpenda sana. Hakuguswa na kazi, hakuruhusiwa kuinuka hata kwa swala, akiswali amelala kama anavyoruhusiwa mgonjwa. Aliondoka hapa amebebwa, akafika nchi za watu amebebwa, wakampasua. Nilikwenda kumpa pole mkewe, Bi Zuhura, akiwa ndani kwenye eda. Alinishika mkono akaniambia, "Waliniambia ini linafanya kazi vizuri sana. Kila siku waliniambia hivyo. Mpaka siku aliyokufa, ini halikuwa na tatizo."

Naserian akageuka kunitazama.

"Hakuwa na nguvu ya kukohoa," nikamwambia. "Kifua kikajaa. Hakuweza kuvuta pumzi yake mwenyewe mashine ilipoondolewa, hakuweza kukaa, kidonda hakikufunga. Ini jipya halina miguu, mwanangu. Linabebwa. Wewe utampa ini, lakini kifua cha kukohoa na miguu ya kusimama siku inayofuata itabidi aende navyo mwenyewe."

"Na kama hatapata?"

Nilimwambia sijui. Msidanganye kwenye korido. Mtu atasamehe kutojua kwenu, lakini uongo ataubeba mpaka kaburini kwa mgonjwa wake. Naserian alifuta chaki kwenye sketi yake, akasema, "Basi mwinueni," akarudi darasani. Nililia nikiwa peke yangu chumba cha mazoezi, na siyo mara ya kwanza chumba kile kunisitiri.

Tukamwinua upya. Nisiwachoshe. Lekishon alikuwa sasa amekuwa fundi, ananirekebisha hata mimi nikisahau kuzuia goti. Tulipoona mzee anainuka kitini amekunja mikono kifuani, bila kushikwa, Naserian alipiga simu India, na wakaondoka wote watatu, baba, binti na Lekishon.

Nilikuwa sokoni nanunua vitunguu vya Mang'ola simu ilipoita. "Mama," Naserian akasema, "wamempa kiti. Ameinuka. Daktari amemwambia inatosha, yeye anataka kuendelea kuwaonyesha." Muuza vitunguu aliniuliza kama nimepata msiba, nikamwambia hapana, nipimie tu.

Walipasuliwa wote wawili. Sitaki mtoke hapa mkidhani mapaja ni hirizi. Nimewaona wenye nguvu wakafa na dhaifu wakapona, na anayewaahidi vinginevyo anauza kitu. Koinet aliteseka sana. Alipata homa ya mapafu, alilala kwa mashine, kuna siku Lekishon alinipigia simu akashindwa kusema na akakata. Lakini alipoambiwa akohoe, alikohoa. Walipomwinua akae ukingoni mwa kitanda, alikaa. Lekishon alisema manesi wa kule walitaka kumvuta mikono, naye akasimama katikati na shuka imekunjwa tayari, akawaonyesha kwa ishara kwamba mzee huyu hashikwi huko. Akarudi nyumbani akiwa hai.

Ningeishia hapo mngefurahi. Lakini lililonifanya nikubali kuandika lilitokea baada ya hapo.

Waliporudi, kila mtu alimwangalia Koinet. Alipangiwa vyumba viwili vya nyuma kwenye uwanja ule ule wa Naserian, mbali na wageni, kwa sababu dawa zinazolinda ini jipya zinapunguza kinga. Tulimhesabia vidonge, tulimpikia, tulimtembeza. Na Naserian, yule mzima, alilazwa chumbani kwake. Majirani walikuwa wanasema amebaki nusu mtu. Mama yake, ambaye alishajifunza yote kwa mumewe, kwa binti akasahau yote: pazia chini, uji, kijiko. Naserian mwenyewe aliamini. Akikohoa alihisi kitu kinachanika. Nilimweleza kwamba ini lake linakua, kwamba kidonda kimefunga, nikamfundisha kugeuka ubavu na kushusha miguu. Alinisikiliza kwa adabu akabaki alipo. Nilikwenda tena, akaniambia, "Kesho, mama." Muda ambao watoaji ini wengine hurudi kazini ulipita, wiki zikafuata wiki. Uso ukabonyea. Niliomba ruhusa nifunue paja lake, na nilichokiona nilikuwa nakijua.

Nilimwambia baba yake. Sikujua la kufanya, nikamwambia tu. Koinet aliniuliza kama binti analala saa hizi, nikasema halali, amelala macho. Akachukua fimbo yake.

Kwao baba haingii chumba anacholala binti yake mtu mzima. Hilo halina mjadala, na hakuna ugonjwa unaolifuta. Aliuvuka uwanja polepole akiwa na barakoa usoni, akafika mlangoni kwa Naserian akasimama nje ya kizingiti, amegeuza uso kidogo pembeni ili asitazame kitanda.

"Naserian."

"Baba."

"Nimekuja kusalimiwa. Tangu turudi hujaniletea kichwa."

Mtoto wa Kimasai humsalimia baba kwa kuinamisha kichwa, na baba huweka kiganja juu yake. Hata akiwa mwalimu, hata akiwa na mvi. Haiwezekani kufanyika mmoja akiwa kitandani na mwingine mlangoni.

"Baba, siwezi kuinuka."

"Sina haraka," akasema.

Akasimama. Nilileta kiti, akatikisa kichwa. Lekishon alitoka nyuma, akaja karibu na kaka yake, hakumgusa. Muda ukapita. Nilianza kuona shuka ya mzee inatetemeka pale magotini, na jasho linashuka chini ya barakoa, nikasogea, Lekishon akanizuia kwa macho. Naserian naye aliona, kwa kuwa kutoka kitandani alikuwa anaitazama miguu ile.

"Baba, kaa, utaanguka."

"Nikikaa utakuja?"

Kisha nikasikia kitanda. Aligeuka ubavu, akashusha miguu, akakaa pale ukingoni ameshika tumbo, analia. Akasukuma pua mbele. Akainuka akiegemea ukuta, akaja hatua kwa hatua mpaka kizingitini, akainamisha kichwa. Mzee akaweka kiganja chake juu ya nywele zake.

"Takwenya," akamwambia.

"Iko," akaitika.

Mzee alimshika kichwa muda mrefu kuliko salamu inavyotaka, kisha akageuka, akaanza kuuvuka uwanja, naye Naserian akavuka kizingiti akamfuata, na hakuna aliyewashika.